Albamu ya kwanza ya The Incredible String Band: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yaliyo hapa chini yanahusu santuri moja tu, ile iliyotolewa na vijana watatu kutoka Edinburgh, Uskoti, mwaka 1966, na mambo yaliyoizunguka santuri hiyo. Albamu zilizofuata zimetajwa pale tu ambapo bila kuzitaja ya kwanza isingeeleweka.

## Misingi

The Incredible String Band ni akina nani?

Katika albamu hii ni watu watatu: Robin Williamson, Clive Palmer na Mike Heron. Williamson na Palmer ndio walioanza, wakipiga muziki wa kimapokeo wakiwa wawili mjini Edinburgh tangu mwaka 1963, hasa katika klabu ya kila wiki iliyoendeshwa na mwimbaji Archie Fisher katika baa iitwayo Crown Bar, ambako mpiga gitaa Bert Jansch naye alikuwa akionekana mara kwa mara. Palmer alikuwa Mwingereza wa London aliyekuwa fundi wa banjo, na Williamson alikuwa mzaliwa wa Edinburgh aliyeweza kushika fidla, filimbi, mandolini au gitaa na kutoa katika kila kimoja sauti isiyofanana na ya mtu mwingine.

Mwishoni mwa mwaka 1965 wawili hao waliona sauti yao ni nyembamba wakatafuta mtu wa tatu wa kuwajazia mapigo ya gitaa. Heron, aliyekuwa akipiga katika bendi za roki za mji huohuo, alifanyiwa majaribio akachukuliwa. Msaidizi huyu aliyeitwa kujaza nafasi ndiye aliyeishia kuwa na nyimbo nyingi kuliko wote katika albamu yenyewe, jambo linalofafanuliwa katika jibu kuhusu watunzi.

Albamu inaitwaje, na ilitoka lini?

Inaitwa kwa jina la bendi yenyewe, *The Incredible String Band*. Ilirekodiwa London mwezi Mei 1966 na kutolewa Uingereza mwezi Juni mwaka huohuo na kampuni ya Elektra, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Jac Holzman mwaka 1950 na iliyojijengea sifa kwa muziki wa folki kabla ya kuingia katika roki. Ina vipande 16, vingi vikiwa vifupi, na vyote kwa pamoja havifikii saa moja.

Folki ni nini hasa? Ni sawa na muziki wetu wa asili?

Hapana, ingawa tafsiri ya haraka ingetupeleka huko. Tunaposema muziki wa asili, wengi wetu tunafikiria ngoma yenye wenyewe, mahali pake na shughuli yake, iwe ni harusi, jando au mavuno. Folki ya Uingereza na Marekani ya miaka ya 1960 ilikuwa kitu kingine: ni vijana wa mijini, aghalabu wenye elimu ya shule, waliozichukua nyimbo za wakulima, mabaharia na wachimba migodi, wakaziimba katika vyumba vya juu vya mabaa wakiwa na gitaa zisizo za umeme, na baadaye wakaanza kutunga za kwao kwa mtindo huohuo. Ndani ya klabu hizo kulikuwa na ubishi mkali kuhusu nani ana haki ya kuimba nini na kwa namna gani. Ubishi huo unasaidia kuelewa kwa nini albamu iliyojaa nyimbo mpya za vijana wasiojulikana ilikuwa ni ujasiri wa aina yake.

Na saikedeliki?

Neno lilibuniwa katikati ya miaka ya 1950 na daktari wa magonjwa ya akili, Humphry Osmond, katika barua alizoandikiana na mwandishi Aldous Huxley, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nafsi na kudhihirisha. Osmond alikuwa akitafuta jina la dawa kama LSD, ambazo humfanya mtu aone na asikie mambo kwa namna isiyo ya kawaida. Baadaye jina likahamia kwenye michoro, mavazi na muziki uliojaribu kuiga hali hiyo au kuifuata.

Watu wengi hudhani kwamba saikedeliki iliingia katika muziki kwa mlango wa gitaa la umeme lenye mwangwi. Kumbe bendi iliyolitia neno hilo katika rekodi mapema, mwaka 1964, ilikuwa ya folki: The Holy Modal Rounders wa Marekani, waliolichomeka ndani ya wimbo wa kale wa bluzi. Kwa hiyo folki na saikedeliki hazikukutana kwa bahati mbaya wala kwa kuchelewa. Iwapo albamu tunayoizungumzia ni ya saikedeliki kweli ni swali jingine, na limejibiwa peke yake hapo chini.

Jina la bendi lina maana gani?

“String band” ni istilahi ya zamani, hasa ya Marekani ya kusini, ya kundi la watu wanaopiga vyombo vya nyuzi pamoja, yaani fidla, banjo, gitaa na jamaa zao. Ni jina la kawaida kabisa, kama vile mtu wa Zanzibar anavyosema kikundi cha kidumbaki na kila mtu akajua atasikia nini. Neno la kwanza, lenye maana ya ajabu au isiyosadikika, linasikika kama lugha ya matangazo ya sarakasi na maonyesho ya barabarani, na linaendana na mzaha wa Clive Palmer, ambaye mapema mwaka 1966 alifungua klabu ya folki ya usiku kucha katika ghorofa ya nne ya jengo moja la mtaa wa Sauchiehall, Glasgow, akaiita Clive’s Incredible Folk Club. Hao watatu ndio waliokuwa bendi ya klabu hiyo. Klabu haikudumu.

## Kurekodi

Nani aliwagundua?

Mmarekani kijana aitwaye Joe Boyd. Mwezi Agosti 1965 aliwasikia Williamson na Palmer mjini Edinburgh, kabla Heron hajaingia. Majira hayohayo ya kiangazi alikuwa ametoka kusimamia kazi za jukwaa katika tamasha la folki la Newport, Marekani, lile ambalo Bob Dylan alipanda na gitaa la umeme na kuwagawa mashabiki wa folki mapande mawili. Baadaye mwaka huohuo Boyd alikwenda London kusimamia ofisi ya Elektra, na moja ya mambo aliyoyakumbuka ni wale vijana wa Edinburgh. Aliporudi kuwatafuta aliwakuta ni watatu, tena wanaimba nyimbo zao wenyewe, na ikambidi ashindane na kampuni ya Transatlantic ya Uingereza, ambayo nayo iliwataka. Elektra ikashinda.

Boyd baadaye alikuja kuwatayarishia muziki Fairport Convention, Nick Drake na Vashti Bunyan, na kwa sababu hiyo watu humsoma kinyumenyume, wakidhani alikwenda Uskoti akiwa gwiji. Wakati ule alikuwa na miaka 23, na hakuwa na mengi ya kuonyesha.

Ilirekodiwa wapi?

Katika studio ya Sound Techniques, mtaa wa Old Church huko Chelsea, London, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa la biashara ya maziwa. Mmoja wa waanzilishi wa studio hiyo ni mhandisi wa sauti John Wood, na ushirikiano wake na Boyd uliendelea kwa miaka mingi, kiasi kwamba msikilizaji aliyezoea rekodi za folki za Uingereza za miaka ile anaweza kuitambua sauti ya chumba kile kabla hajaangalia jalada.

Sauti yenyewe ni ya karibu na kavu. Hakuna mwangwi wa kutiwa, hakuna ngoma, hakuna vinanda vya kukodi vya kuufanya muziki uonekane ghali. Unasikia ukucha ukigusa waya, na mara nyingine unasikia mwimbaji akivuta pumzi.

Nani alitunga nyimbo zipi?

Katika vipande 16, saba ni vya Heron, vitano ni vya Williamson, kimoja ni cha Palmer, na vitatu ni vya kimapokeo vilivyopangwa upya. Vya Heron ni “Maybe Someday”, “When the Music Starts to Play”, “The Tree”, “How Happy I Am”, “Can’t Keep Me Here”, “Footsteps of the Heron” na “Everything’s Fine Right Now”. Vya Williamson ni “October Song”, “Womankind”, “Dandelion Blues”, “Smoke Shovelling Song” na “Good as Gone”. Palmer ana “Empty Pocket Blues”.

Hesabu hiyo inaeleza kisa kizima cha bendi kwa ufupi. Palmer ndiye aliyekuwa na klabu, ndiye aliyekuwa na uzoefu wa kupiga barabarani huko Paris, na ndiye aliyeyajua mapokeo ya banjo kuliko wenzake. Hata hivyo, ilipofika zamu ya kuweka tungo mpya mezani, alikuwa na moja. Wenzake wawili walikuwa wameshashikwa na homa ya kutunga, na mtayarishaji alizitaka tungo hizo.

Kwa nini katika nyimbo nyingi simsikii zaidi ya mtu mmoja au wawili?

Kwa sababu ndivyo ilivyorekodiwa. Nyimbo nyingine zina mtu mmoja na gitaa lake, nyingine zina wawili, na chache tu zina wote watatu kwa pamoja. Wasikilizaji wapya hulalamika kwamba albamu haina umoja, kwamba inarukaruka kutoka sauti hadi sauti. Malalamiko yana haki yake, ila yanaanzia mahali pasipofaa. Ukiipokea kama kazi ya bendi, utaiona imepwaya. Ukiipokea kama baraza ambapo watu watatu wamekaa, kila mmoja akisubiri zamu yake na wengine wakimsindikiza pale wanapoona wana la kuongeza, mambo yanakaa sawa, na hata zile nafasi tupu zinakuwa na maana.

Ni kweli pia kwamba watu hawa hawakuwa wameishi pamoja kimuziki kwa muda mrefu. Kati ya Heron kuingia na kanda kuanza kuzunguka ilipita miezi michache tu.

Wanapiga vyombo gani?

Hasa gitaa, banjo, fidla, mandolini na filimbi. Yule anayetarajia sita (sitar, chombo cha nyuzi cha India), udi au vyombo vya mbali atakuwa anaichanganya albamu hii na ya pili. Tazama jibu kuhusu safari ya Moroko.

Fidla ya Williamson inastahili neno la pekee. Katika “Maybe Someday”, unaofungua santuri, fidla haiwekwi chini ya sauti ya mwimbaji ili imbembeleze, kama ilivyo desturi. Inakwaruza, inateleza kati ya noti, inakatiza. Mtu aliyelelewa na fidla za taarab, ambazo zinajua kuteleza lakini zinarudi nyumbani kwa adabu, atasikia hapa fidla iliyotoka bila kuaga.

## Nyimbo zenyewe

Kwa nini kila mtu anautaja “October Song”?

Sababu moja ni ya umaarufu: katika mahojiano na jarida la *Sing Out!* mwaka 1968, Bob Dylan aliusifu na kuutaja kuwa miongoni mwa nyimbo alizozipenda wakati huo. Kwa kijana wa folki wa zama zile, hapakuwa na cheti kikubwa kuliko hicho.

Sababu ya pili ni wimbo wenyewe. Ni Williamson peke yake na gitaa, akiimba kuhusu mwezi wa Oktoba, majani yanayoanguka, ndege, na wakati unaopita bila kumngoja mtu. Hapa msomaji wa Kiswahili anapaswa kujihadhari kidogo, kwa kuwa neno letu vuli, ambalo baadhi ya kamusi hulitumia kwa majira hayo ya Ulaya, linatuletea picha ya mvua fupi, majani mabichi na shamba linalochangamka. Oktoba ya Uskoti ni kinyume chake. Mwanga unafupika kila siku, miti inavuliwa nguo, na kila kitu kinajiandaa kulala. Bila kulijua hilo, huzuni ya wimbo inaweza kuonekana haina sababu.

Kinachouinua juu ya nyimbo nyingine za majira, ambazo folki inazo tele, ni jinsi sauti inavyotembea. Williamson hakai juu ya noti. Anaifikia kwa kuipitia pembeni, anaipamba, anaiacha, na silabi moja inaweza kubeba noti nne au tano. Mtindo huo una mizizi katika uimbaji wa kimapokeo wa Uskoti na Ayalandi, lakini masikio mengi ya mwaka 1966 yaliusikia kama kitu cha Mashariki. Mtunzi alikuwa hajafika Mashariki yoyote.

Nyimbo za Heron mbona ni za furaha kiasi hiki?

Kwa sababu Heron alitokea kwenye roki na alikuwa akifurahia kuruhusiwa. Nyimbo zake zina viitikio vinavyoshikika, mapigo ya kutikisa mguu, na maneno ya mtu anayeshangaa kwamba kuwa hai kunaruhusiwa. “How Happy I Am” unasema kichwani kilichomo ndani. “The Tree” ni tofauti: umetulia, unarudi utotoni, na ndani yake kuna dalili ya mtunzi aliyekuja kuandika nyimbo ndefu za mabadiliko mengi miaka miwili baadaye. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, na kama kuna wimbo mmoja wa Heron unaostahili kusikilizwa kwa kuitafuta lele hiyo, ni huu.

Na “Empty Pocket Blues”?

Ni wimbo wa mtu asiye na senti mfukoni ambaye hana haraka ya kuipata. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, ndio wimbo uliokomaa kuliko yote katika santuri, kwa kuwa Palmer haonyeshi kwamba anajitahidi. Anautoa kama mtu anayesimulia jambo kwa rafiki huku akivaa viatu.

Nimesikia kuna kipande chenye jina la kudharau watu weusi. Ni kweli?

Ni kweli. Kipande cha mwisho ila kimoja ni muziki wa banjo wa kimapokeo uliopigwa na Palmer, na jina lake lina lile tusi la Kiingereza wanaloitwa watu weusi. Halirudiwi hapa. Palmer hakulibuni. Hazina ya nyimbo za banjo ya Marekani ya karne ya 19 imejaa majina ya namna hiyo, kwa sababu chombo hicho kilipitia katika maonyesho ya wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwaigiza na kuwacheka Waafrika, na wapenzi wa folki wa Uingereza walikuwa wakiyapokea majina pamoja na muziki, bila kuuliza.

Linaloongeza uchungu ni kwamba banjo yenyewe ni chombo kilichozaliwa na Waafrika waliotekwa na kupelekwa Karibi na Marekani ya Kaskazini, wakiwa na kumbukumbu ya vyombo vya nyuzi vya Afrika Magharibi. Msikilizaji ana haki ya kukiruka kipande hicho. Ana haki pia ya kukisikiliza akijua kwamba mikono ya kwanza iliyoupiga muziki wa namna hii huenda ilikuwa ya wale waliotukanwa na jina lake.

## Saikedeliki, safari na kuvunjika

Je, albamu hii ni ya saikedeliki au siyo?

Ukipima kwa sauti, siyo. Hakuna chombo ambacho klabu ya folki ya mwaka 1960 isingekitambua, hakuna kanda iliyogeuzwa nyuma, hakuna wimbo wa dakika kumi. Walioipigia kura katika jarida la *Melody Maker*, hadi ikatwaa nafasi ya albamu bora ya folki ya mwaka, waliipigia kama folki, na hawakukosea.

Ukipima kwa tabia, jibu linabadilika. Kuna uhuru fulani wa kuliacha umbo la wimbo lifuate wazo, kuna kutazama jani au moshi kwa muda mrefu kuliko ilivyozoeleka, na kuna mchanganyiko wa bluzi, jigi za Kiskoti na uimbaji wa kuteleza bila kuomba radhi. Mambo hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa folki ya saikedeliki mara yalipovikwa mavazi ya rangi. Anayeiweka albamu hii katika kabati la saikedeliki anafanya hivyo kwa kujua kilichofuata. Si kosa, mradi asimwahidi mgeni kwamba atausikia ulimwengu ukiyeyuka.

Walikuwa wanatumia dawa za kulevya?

Mazingira ya wanamuziki vijana wa Edinburgh na Glasgow wakati huo yalikuwa na bangi na LSD, na LSD ilikuwa haijapigwa marufuku Uingereza wakati albamu inarekodiwa. Sheria iliifikia baadaye mwaka huohuo wa 1966. Zaidi ya hapo, kutafuta dawa ndani ya kila mstari ni kazi isiyo na faida. Vitu vingi ambavyo watu huvihesabu kuwa athari za dawa katika nyimbo hizi, kama vile wanyama wanaosema au miti yenye nafsi, ni mali ya kale ya hekaya za Waskoti na Waayalandi.

Kwa nini bendi ilivunjika mara tu baada ya kutoa albamu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa mshangao mkubwa kuliko mengine, maana kwa desturi ya biashara ya muziki kundi likitoa santuri ya kwanza huingia barabarani kuiuza. Watatu hawa walifanya kinyume. Baada ya kurekodi, Palmer alishika njia ya nchi kavu kuelekea Afghanistan na India, njia iliyokuwa ikifuatwa na vijana wengi wa Ulaya wa kizazi kile. Williamson na mpenzi wake, Licorice McKechnie, walikwenda Moroko bila mpango wowote wa maana wa kurudi. Heron alibaki Edinburgh akipiga na bendi iliyoitwa Rock Bottom and the Deadbeats.

Hapakuwa na ugomvi mkubwa wa kusimuliwa. Ni kwamba kurekodi santuri hakukuwa, kwa macho yao, mwanzo wa ajira. Lilikuwa jambo lililofanyika mwezi Mei, na baada ya Mei kuna miezi mingine.

Safari ya Moroko ilibadilisha nini?

Karibu kila kitu. Fedha zilimwishia Williamson, akarudi akiwa amebeba vyombo vya muziki vya Moroko, kikiwemo gimbri, chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu na tumbo lililowambwa ngozi, ambacho mtu wa Pwani atakiona kama ndugu wa mbali wa gambusi. Yeye na Heron wakaiunda upya bendi wakiwa wawili, na mwezi Novemba 1966 wakafanya ziara fupi ya Uingereza wakiwatangulia jukwaani waimbaji wa folki wa Marekani, Tom Paxton na Judy Collins. Mapema mwaka 1967 walikuwa wakipiga katika klabu ya UFO, London, aliyoianzisha Joe Boyd na mwenzake, ambako bendi za umeme na taa za rangi ndizo zilizokuwa kawaida.

Albamu ya pili, *The 5000 Spirits or the Layers of the Onion*, ilitoka Julai 1967, ikiwa na gimbri, sita, besi ya Danny Thompson, na jalada lililochorwa kwa rangi zote za upinde wa mvua. Hapo ndipo folki ya saikedeliki inaposikika bila kubahatisha. Ya tatu, *The Hangman’s Beautiful Daughter*, ilitoka Machi 1968 na kufika nafasi ya tano katika chati ya albamu ya Uingereza. Ile gimbri, kwa wanaouliza hatima yake, miaka mingi baadaye ililiwa na panya.

Clive Palmer hakurudi kabisa?

Alirudi Uingereza, lakini hakurudi katika bendi wakati ule. Alianzisha makundi mengine, likiwemo C.O.B. (Clive’s Original Band), ambalo rekodi zake za mwanzo wa miaka ya 1970 zinathaminiwa sana na wapenzi wa mtindo huu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Palmer, Heron na Williamson walikutana tena jukwaani kwa muda, miaka zaidi ya 30 baada ya kuachana. Palmer alifariki mwaka 2014. Yeyote anayetaka kumsikia ndani ya The Incredible String Band ya miaka ya 1960 ana albamu hii moja tu.

## Maswali ya pembeni

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na albamu hii?

Ikiwa masikio yako yamezoea gitaa na sauti ya mtu mmoja, anza hapa. Ikiwa unatafuta kile ambacho watu humaanisha wanaposema folki ya saikedeliki, anza na ya pili, kisha rudi. Kuanza na ya tatu kumewakimbiza wengi, ingawa ndiyo inayosifiwa kuliko zote.

Hawa ndio waliokataa kupiga katika tamasha la Woodstock, Marekani, kwa sababu ya mvua?

Ndio, ila safu ilikuwa imebadilika: mwaka 1969 walikuwa Williamson, Heron, Licorice McKechnie na Rose Simpson. Walipangiwa Ijumaa tarehe 15 Agosti, mvua ikanyesha, hawakutaka kupanda na vyombo vya umeme kwenye maji, na nafasi yao akapewa mwimbaji Melanie, ambaye usiku ule ulimpa jina. Wao walipiga kesho yake mchana, mbele ya umati uliokuwa ukingojea roki.

Ni kweli kwamba Askofu Mkuu wa Canterbury ni shabiki wao?

Ni kweli. Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia 2002 hadi 2012, aliandika dibaji ya kitabu cha makala kuhusu bendi hii. Waumini wa Anglikana wa Dodoma na Nairobi wanaomkumbuka kwa mijadala mizito zaidi wanaweza kulipokea hilo wanavyopenda.

Nitapata wapi toleo lenye sauti nzuri?

Mwaka 2010 kampuni ya Fledg’ling ilitoa upya albamu za mwanzo za bendi baada ya Joe Boyd na John Wood, watu walewale waliokuwapo studio mwaka 1966, kuzisafisha kutoka kwenye kanda. Toleo hilo ndilo la kutafutwa. Santuri za awali za Elektra ni za wakusanyaji na bei zake ni za wakusanyaji.

Je, bendi ina uhusiano wowote na muziki wa Afrika, mbali na Moroko?

Katika albamu ya kwanza, ni ile banjo tu, kwa njia ndefu na chungu iliyoelezwa hapo juu. Uhusiano wa moja kwa moja ulikuja baadaye na kwa mlango mwingine. Joe Boyd alifanya kazi pia na wanamuziki wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni London, wakiwemo Brotherhood of Breath wa Chris McGregor, na Mike Heron alipotoa albamu yake ya peke yake mwaka 1971, saksofoni inayonguruma katika wimbo wa “Call Me Diamond” ni ya Dudu Pukwana wa Port Elizabeth.